Bastola iliyomfikisha Kimathi kitanzini

WATU zaidi ya 1,000 walinyongwa na serikali ya kikoloni wakati wa Hali ya Hatari nchini Kenya, lakini hakuna ambaye jina lake lingali linatajwa kama la Dedan Kimathi Waciuri. Hata hivyo, wengi wanaolitaja jina hilo hawajui ni kosa gani hasa lililomfikisha kitanzini.

Hakushtakiwa kwa kuongoza vita dhidi ya Mwingereza. Hakushtakiwa kwa mauaji, wala kwa kulisha watu kiapo, wala kwa kuchoma moto mashamba ya walowezi. Alishtakiwa kwa kupatikana na bastola moja, aina ya Webley Scott yenye mdomo wa inchi 0.38, pamoja na risasi zake, bila kibali cha serikali. Ni silaha inayoshikwa kwa mkono mmoja na kufichika chini ya koti. Kwa ajili ya chuma hicho, mtu ambaye majeshi ya nchi kavu na ndege za kivita zilikuwa zimeshindwa kumpata kwa miaka minne alihukumiwa kufa.

Miji inayouzunguka Mlima Kenya, kuanzia Nyeri, Karatina na Nanyuki hadi Kerugoya, Embu na Wang'uru kule Mwea, kila mmoja una sehemu yake katika kisa hiki. Nyeri ndiko alikozaliwa, akakamatwa na kuhukumiwa. Wang'uru hakuwa na makao, lakini maji yanayotiririka leo katika mashamba ya mpunga ya eneo hilo yanapita katika mitaro ambayo ilianza kuchimbwa na watu waliotiwa kizuizini kwa kukila kiapo ambacho Kimathi alikuwa mmoja wa waliokitoa.

Kimathi alizaliwa Oktoba 31, 1920, katika kijiji cha Thege, eneo la Tetu, Nyeri. Baba yake alikuwa amefariki kabla hajazaliwa, akalelewa na mama yake, Waibuthi. Alisoma Karuna-ini, kisha Wandumbi, na baadaye akajiunga na shule ya misheni ya Waskoti ya Tumutumu, karibu na Karatina. Inasimuliwa kwamba alikuwa akiokota mbegu za miti na kuiuzia Idara ya Misitu ili apate karo. Masomo yake yalikatika mara kwa mara kwa kukosa fedha, na pia kwa sababu hakuwa mtoto wa kunyenyekea. Alichotoka nacho shuleni ni mapenzi ya kalamu. Aliandika Kiingereza kizuri, alipenda mijadala, na kila alikokwenda baadaye, hata ndani ya msitu mnene, aliandamana na karatasi.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alijiandikisha jeshini, lakini hakudumu. Alirudi nyumbani akafanya kazi moja baada ya nyingine, ukarani leo, ualimu kesho, bila kutulia mahali. Hali hiyo haikuwa yake peke yake. Vijana wengi wa Nyeri wa rika lake walikuwa na elimu kidogo, wakiwa hawana shamba na wala hawana kazi ya kuwatosha, huku ng'ambo ya mpaka wa hifadhi ya Wakikuyu wakiona mashamba makubwa ya Wazungu yakienea kuelekea Mweiga na Naro Moru. Kufikia mwaka 1952 Kimathi alikuwa katibu wa chama cha KAU katika tawi la Ol Kalou na Thomson's Falls, mji ambao leo ni Nyahururu. Huko ndiko alikoingia kwa miguu yote miwili katika harakati za siri za kiapo.

Vita vyenyewe vilitanguliwa na milio ya bastola. Mnamo Oktoba 7, 1952, Chifu Mkuu Waruhiu wa Kungu, kipenzi cha serikali, alisimamishwa barabarani mchana kweupe katika wilaya ya Kiambu na kupigwa risasi akiwa ndani ya gari lake. Gavana mpya, Sir Evelyn Baring, alikuwa ndiyo kwanza amewasili nchini. Wiki mbili baadaye, Oktoba 20, akatia sahihi tangazo la Hali ya Hatari. Jomo Kenyatta na viongozi wenzake wakakamatwa usiku huo. Kimathi naye alitiwa mbaroni katika siku hizo za mwanzo, lakini akatoroka kwa msaada wa askari waliomwonea huruma, akaingia katika msitu wa Nyandarua, ambao Wazungu waliuita Aberdare. Hakutoka tena akiwa mtu huru.

Ili kuelewa uzito ambao sheria iliipa bastola moja, yafaa kukumbuka hofu iliyotanda katika nyanda hizo. Januari 1953 familia ya mlowezi Roger Ruck, akiwemo mtoto wa miaka sita, iliuawa kwa mapanga katika shamba lake huko Kinangop. Mwezi huo huo, wanawake wawili walowezi waliokuwa wakiishi pamoja katika shamba la Nyeri walivamiwa jioni sebuleni mwao, wakajiokoa kwa sababu walikuwa na silaha karibu. Habari hizo mbili zilibadilisha maisha ya kila siku ya Wazungu. Bastola ikawa kama saa ya mkononi. Ilivaliwa kiunoni shambani, ikawekwa mezani kando ya sahani wakati wa chakula cha jioni, ikalazwa chini ya mto usiku. Akina mama ambao hawakuwahi kugusa silaha walifundishwa kulenga shabaha, na bastola ndogo za kutoshea mkobani zikawa na soko. Mzungu aliyepoteza bunduki au bastola yake kwa uzembe alishtakiwa, kwani kila silaha iliyopotea ilihesabiwa kuwa imeingia msituni.

Na kwa kweli nyingi ziliingia huko. Wapiganaji wa Mau Mau walianza vita wakiwa na mapanga, mikuki na idadi ndogo sana ya bunduki. Walichokosa kwa fedha walikitafuta kwa ujanja. Watumishi wa nyumbani walinyofoa risasi moja moja kutoka kwenye makasha ya mabwana zao, kwa kiasi ambacho hakingeonekana upesi. Wanawake wa Nairobi walinunua risasi kutoka kwa askari wenye kiu ya pombe. Pale ambapo ujanja haukutosha, nguvu ilitumika. Usiku wa Machi 26, 1953, kundi lililoongozwa na Mbaria Kaniu lilivamia kituo cha polisi cha Naivasha, likawafungulia mahabusu zaidi ya 170 na kuondoka na bunduki 47, zikiwemo 18 za kufyatua mfululizo. Kwa jeshi la msituni huo ulikuwa utajiri ambao haukupatikana tena. Ikumbukwe pia kwamba usiku huo huo ndio uliotokea mauaji ya Lari, ambayo yaliwaondolea wapiganaji huruma ya wengi.

Silaha nyingine zilitengenezwa na mafundi wa msituni na wa vichochoro vya Nairobi. Kipande cha bomba la maji kiligeuzwa kuwa mtutu, kikafungwa juu ya gogo lililochongwa. Komeo la mlango lilifanywa kuwa nyundo ya kugonga risasi, likivutwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Bunduki hizo zilifyatua risasi moja, na mara nyingine zilimpasukia aliyezishika. Thamani yake kubwa haikuwa katika kuua. Kijana aliyekabidhiwa bomba la maji lenye risasi moja alijiona askari, na mlinzi wa kijiji aliyeona mdomo wa chuma ukichungulia kichakani hakusubiri kuuliza umetengenezwa wapi.

Serikali ilijibu kwa sheria. Mwaka 1953 kanuni za Hali ya Hatari zilifanya kupatikana na silaha au risasi bila kibali kuwa kosa la kunyongwa, na mahakama maalumu zikaundwa kuharakisha kesi hizo. Risasi moja iliyosahaulika katika mfuko wa koti ilitosha. Kati ya watu 1,090 walionyongwa katika miaka hiyo, wengi hawakupatikana na hatia ya mauaji. Walinyongwa kwa sababu ya silaha, risasi, viapo au kuandamana na watu wenye silaha. Ni vigumu kupata mahali pengine katika himaya ya Uingereza ya karne iliyopita ambapo mti wa kunyongea ulitumika kwa wingi kiasi hicho, na mwanahistoria yeyote anayeipima sheria hiyo leo hana budi kushangaa jinsi ilivyopitishwa kwa wepesi.

Mfano uliotangulia wa Kimathi ni wa Waruhiu Itote, maarufu kama Jenerali China, aliyeongoza wapiganaji wa upande wa Mlima Kenya. Itote, mwanajeshi wa zamani aliyepigana Burma, alijeruhiwa na kukamatwa Januari 1954. Alishtakiwa mjini Nyeri kwa kuandamana na wenye silaha na kwa kupatikana na risasi mbili. Alihukumiwa kifo. Lakini afisa kijana wa kitengo cha ujasusi, Ian Henderson, alikuwa amemhoji kwa siku nyingi, na serikali ikaona kwamba Itote akiwa hai angeweza kusaidia kuwashawishi wenzake wajisalimishe. Gavana akambadilishia adhabu, naye akaishi hadi mwaka 1993. Kwa hiyo sheria ile haikuwa kipofu. Iliweza kufumba jicho pale ilipokuwa na faida.

Kule Nyandarua, Kimathi alikuwa akijenga kitu ambacho hakuna aliyekitazamia kutoka kwa watu waliovaa ngozi na kulala mapangoni. Agosti 1953 aliitisha mkutano mkubwa wa makamanda, na Baraza la Ulinzi la Kenya likaundwa. Februari 1954 likafuata Bunge la Kenya, naye akawa waziri mkuu wake, licha ya cheo cha Fildi Mashali alichokuwa nacho. Mwalimu wa shule, Karari Njama, alikuwa katibu wake. Kumbukumbu za mikutano ziliandikwa, majina ya wapiganaji na silaha zao yakaorodheshwa, vyeo vikatolewa kwa barua, na malalamiko yakapelekwa kwa serikali na kwa ulimwengu wa nje kwa maandishi. Kuna mti wa mugumo katika msitu huo ambao watalii bado wanaonyeshwa kama posta ya Kimathi, mahali ambapo barua ziliachwa na kuchukuliwa. Njaa ilipozidi, bado karatasi zilitunzwa. Baadhi ya watafiti wamemcheka kwa hilo, wakiona ni mchezo wa kuigiza serikali. Wamekosea. Alikuwa akiwaonyesha watu wake kwamba serikali ni jambo ambalo Mwafrika anaweza kulifanya, hata akiwa hana ofisi.

Hata hivyo, hakuwa malaika. Kadiri vita vilivyozidi kumwelemea ndivyo shaka yake kwa wenzake ilivyoongezeka. Adhabu kwa waliovunja amri zilikuwa kali, na wapo wafuasi wake waliouawa kwa maagizo yake kwa makosa ambayo leo yangeonekana madogo. Alitofautiana vikali na Stanley Mathenge, kamanda hodari asiye na elimu kubwa ya shule, ambaye kundi lake liliona kwamba watu wa kalamu wamejitwalia vita vya watu wa upanga. Mwaka 1955 mgawanyiko huo ukawa wazi. Mathenge alitoweka, na fumbo la alikokwenda liliwasumbua Wakenya kiasi kwamba mwaka 2003 mkulima mmoja alisafirishwa kutoka Ethiopia na kupokewa Nairobi kama shujaa, kabla ya vipimo vya chembechembe za urithi kuonyesha kwamba hakuwa yeye.

Wakati huo serikali ilikuwa imeutenga msitu na vijiji. Aprili 1954 Operesheni Anvil ilizoa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru kutoka Nairobi na kukata mkono uliokuwa ukipeleka risasi na dawa. Wanavijiji wakahamishiwa katika vijiji vilivyozungushiwa ua, na handaki refu likachimbwa kwa nguvu zao wenyewe pembezoni mwa msitu. Henderson, aliyekulia Nyeri na kuzungumza Kikikuyu kama mwenyeji, aliwatumia wapiganaji waliokuwa wamekamatwa au kujisalimisha kuwasaka wenzao waliobaki. Zawadi ya pauni 500, sawa na shilingi 10,000 za wakati huo, ilikuwa imetangazwa kwa atakayefanikisha kukamatwa kwa Kimathi. Katika miezi ya mwisho ya mwaka 1956 alikuwa amebaki na watu wa kuhesabika kwa vidole, kisha akabaki peke yake.

Alfajiri ya Jumapili, Oktoba 21, 1956, alionekana karibu na ukingo wa msitu, si mbali na alikozaliwa, akiwa amevaa koti na kofia ya ngozi ya chui. Aliyemwona alikuwa askari wa utawala, Ndirangu Mau, Mkikuyu kama yeye. Ndirangu alifyatua bunduki yake mara kadhaa, na risasi ya mwisho ikampata Kimathi pajani. Alipofuatwa alipatikana amelala, hawezi kwenda. Picha iliyopigwa siku hiyo, akiwa amelazwa kwenye machela na pingu mikononi, nywele zimesokotana, ilichapishwa katika vipeperushi na kusambazwa kote katika nchi ya Wakikuyu. Serikali ilikusudia picha hiyo imdhalilishe. Ndiyo hiyo hiyo ambayo vizazi vilivyofuata vimeitundika ukutani.

Bastola iliyotajwa mahakamani ilikuwa ya familia mashuhuri. Kampuni ya Webley & Scott ya Birmingham, Uingereza, ilikuwa imewauzia maafisa wa jeshi bastola tangu enzi za Malkia Victoria. Zile za Vita vya Kwanza vya Dunia zilikuwa kubwa na nzito, zenye mdomo wa inchi 0.455, na ziliwashinda wengi kuzidhibiti. Baada ya vita hivyo jeshi likataka kitu chepesi zaidi, ndipo ile ya 0.38 ikaingia. Ina silinda inayozunguka yenye vyumba sita. Ukibonyeza kitasa kwa kidole gumba, mtutu unainama mbele kama unaovunjika kiunoni, na maganda ya risasi yanajitokeza yenyewe. Ni rahisi kujifunza na ni nadra kukwama, hata katika matope. Zilitengenezwa kwa wingi wakati wa Vita vya Pili, zikaenea katika vikosi vya polisi vya makoloni, kuanzia Afrika Mashariki hadi Malaya. Udhaifu wake ni risasi yenyewe, ambayo huenda polepole. Zaidi ya hatua chache kumpata mtu ni bahati.

Bastola kama hizo sasa ni vitu vya kumbukumbu. Huko Marekani wapo wanaozikusanya, wakazipaka mafuta, wakalinganisha namba zilizopigwa chapa kwenye chuma na kuzijaribu katika viwanja vya shabaha, wakilalamikia ughali wa risasi zake ambazo viwanda vingi haviziundi tena. Kwao bei hupanda kwa kujua silaha ilipitia mikononi mwa nani. Nchini Kenya, ambako mwananchi haruhusiwi kumiliki bastola bila leseni, ni wachache waliowahi kuiona Webley kwa macho, na bado ndiyo bastola yenye sehemu kubwa kuliko zote katika historia ya nchi.

Kesi ilianza mjini Nyeri Novemba 19, 1956, mshtakiwa akiwa bado anauguza jeraha. Kwamba Jaji Mkuu mwenyewe, Sir Kenneth O'Connor, ndiye aliyeketi kuisikiliza, na Mwanasheria wa Serikali, Diarmaid Conroy, ndiye aliyeiongoza, kunaonyesha kuwa hapakuwa na aliyeamini kwamba hii ilikuwa kesi ya kawaida ya bastola isiyo na kibali. Wazee watatu Waafrika waliketi kumshauri jaji. Wakili Frederick Miller alimtetea. Kimathi mwenyewe alitoa ushahidi kwa utulivu, akieleza maisha yake na madai yake ya kisiasa. Utetezi wake mkuu ulikuwa kwamba alipopigwa risasi alikuwa akitoka msituni kwenda kujisalimisha. Jaji hakumwamini.

Hapo ndipo penye kiini cha suala lote. Laiti serikali ingemshtaki kwa vita alivyoviongoza, ingelazimika kuyasikiliza mahakamani madai ya ardhi, ya kipande, na ya serikali isiyochaguliwa na watu. Bastola haikuwa na siasa. Ilitosha kuthibitisha kwamba ni silaha inayoweza kuua, kwamba alikuwa nayo, na kwamba hakuwa na karatasi ya kuimiliki. Mtu aliyependa karatasi kuliko kamanda yeyote msituni alihukumiwa kwa kukosa karatasi moja. Novemba 27 hukumu ya kifo ikatolewa. Rufaa yake Afrika Mashariki ikatupwa, na juhudi za kufika mbele ya Baraza la Mfalme kule London nazo hazikuzaa matunda. Kumbukumbu za kesi hiyo zilihofiwa kupotea kwa miongo mingi, hadi zilipochapishwa mwaka 2017 katika kitabu kilichohaririwa na mwanahistoria Julie MacArthur.

Usiku wa kuamkia kifo chake alimwandikia barua Padri Marino wa misheni ya Wakatoliki mjini Nyeri. Haikuwa barua ya jemadari. Alimshukuru kwa wema wake, akamwombea mwanawe apate kusomeshwa, akamkumbusha kwamba mama yake ni mzee na mpweke, na kwamba mkewe, Mukami, alikuwa kizuizini katika gereza lile lile la Kamiti na angehitaji kufarijiwa. Asubuhi ya Februari 18, 1957, alinyongwa akiwa na umri wa miaka 36. Mwili ulizikwa ndani ya eneo la gereza, katika kaburi lisilo na alama.

Jeshi la Uingereza lilikuwa tayari limekabidhi kazi ya msituni kwa polisi tangu Novemba. Lakini kumnyonga Kimathi hakukumaliza kazi, kwani maelfu ya watu waliokuwa kizuizini bado walikataa kukiri kiapo. Ni hapo jina la Mwea linapoingia. Bonde hilo la udongo mweusi lililo kusini mwa Mlima Kenya, ambalo leo soko lake kuu ni Wang'uru, lilikuwa limeteuliwa mwaka 1954 kwa mradi wa kilimo cha mpunga kwa kutumia maji ya mito Thiba na Nyamindi. Nguvu kazi ilikuwa mahabusu. Kambi za Thiba, Gathigiriri na Kandongu, pamoja na nyingine za jirani, ziliwapokea watu waliotolewa Manyani na kwingineko, wakachimba mifereji na kusawazisha majaruba kwa majembe.

Mwaka ule ule wa kifo cha Kimathi, kambi hizo za Mwea zilikabidhiwa afisa Terence Gavaghan, na mpango ulioitwa Operesheni Progress ukaanza. Waliofika wakiwa hawajakiri walitengwa katika vikundi vidogo na kulazimishwa kwa kipigo tangu walipoteremka garini. Serikali ilihesabu mafanikio yake kwa idadi ya walioachiliwa. Mtindo huo ulipopelekwa Hola, Machi 3, 1959, mahabusu 11 walipigwa hadi kufa, na kashfa hiyo ikaitikisa bunge la Uingereza. Hali ya Hatari ikaondolewa Januari 1960. Henderson alifukuzwa nchini mwaka 1964, akaenda kujenga idara ya usalama ya Bahrain.

Mpunga ulibaki. Wang'uru ikakua kuwa mji wa vinu na magunia, na harufu ya pishori ikawa kitambulisho chake. Miongoni mwa familia zilizopewa mashamba ya mradi huo zilikuwemo zisizokuwa na ardhi kwingine. Hawakuwa wenye mashamba bali wapangaji wa serikali, na mgogoro wao na Bodi ya Taifa ya Unyunyizaji ulipolipuka mwishoni mwa miaka ya tisini, madai yaliyosikika katika mikutano yao, kwamba anayeulima udongo ndiye mwenye haki nao, hayakuwa mageni katika nchi ya Kimathi.

Serikali za baada ya uhuru zilimwonea haya kwa muda mrefu. Barabara ya Nairobi ilipewa jina lake mapema, lakini Mau Mau yenyewe ilibaki kuwa chama haramu kisheria hadi mwaka 2003, miaka 40 baada ya bendera ya Uingereza kuteremshwa. Mwaka 1976 Ngugi wa Thiong'o na Micere Githae Mugo walipoandika tamthilia kuhusu kesi yake, walipata shida hata kupata siku za kuionyesha katika Jumba la Kitaifa la Maonyesho. Nelson Mandela alipozuru Kenya mwaka 1990 na kumtaja kuwa miongoni mwa waliompa moyo, wenyeji wake waliona aibu, kwa kuwa hapakuwa na kaburi la kumpeleka wala mjane aliyetambuliwa rasmi wa kumpa mkono.

Sanamu ya shaba ilizinduliwa na Rais Mwai Kibaki, mwana wa Nyeri pia, Februari 18, 2007, miaka 50 kamili tangu kunyongwa kwake, katika barabara inayoitwa kwa jina lake. Mkono mmoja umeshika bunduki ndefu, mwingine kisu. Bastola haimo. Chuo kikuu cha teknolojia kilichoko Nyeri kinaitwa kwa jina lake. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa wazee 5,228 waliokuwa wameteswa katika kambi jumla ya pauni milioni 19.9, na Septemba 2015 mnara wa kumbukumbu ukafunguliwa katika bustani ya Uhuru Park.

Mukami Kimathi aliendelea kuiomba serikali moja baada ya nyingine imwonyeshe alipozikwa mumewe ili mifupa yake ihamishwe. Oktoba 2019 wakfu wa familia ulitangaza kwamba kaburi limepatikana Kamiti, na serikali ikakanusha kabla wiki haijaisha. Mukami alifariki Mei 2023 na kuzikwa Njabini, Nyandarua. Mumewe bado yuko gerezani.